Wimbo wa Tisa

Sanduku lilishafika ngazi ya mwisho. Kishindo alikuwa bado juu, peku, gitaa linamning'inia shingoni.

— Mke wangu, unaniacha leo? Wiki ya albamu?

— Kwani uliniwekea siku nyingine?

Kishindo aliwahi kutikisa kumbi kwa muziki wake wa roki. Kisha mtoto wao akaishi siku kumi na moja, akaenda zake, na baba mtu akanyamaza miaka tisa. Mkewe, fundi cherehani, ndiye aliyemlisha, akamtanulia na jaketi lake la ngozi la jukwaani mara tatu kadiri tumbo lilivyomtangulia. Aliposhika gitaa tena, mke alimpikia huku anacheka.

Miezi mitatu nyuma alikuta kitu kwenye simu ya mumewe: sauti yake mwenyewe, wodini, akimbembeleza mtoto siku ya mwisho. Kishindo alirekodi kila kitu maishani mwake, hata hicho. Akamwomba aifute. Mume akaapa kwa kaburi la mtoto.

Asubuhi hii fundi mitambo wa studio alipiga simu.

"Shemeji, jalada linaenda kuchapwa. Kwenye wimbo wa tisa nikuandike nani? Ile sauti yako pale mwanzo, ukimbembeleza mtoto, imeniliza."

Mguu wa mke ukaganda juu ya kanyagio la cherehani. Mwenye kovu usidhani kapoa.

— Uliapa, alisema sasa pale chini ya ngazi.

— Niliifuta kwenye simu.

— Na studio?

Kishindo alikuna shingo. Akaeleza kwamba bila sauti ile albamu ni kelele za mzee tu, kwamba watu watalia.

— Mimi nimeshalia. Sikulia ili wapige makofi.

— Ni kwa ajili ya mwanetu, mama.

— Jina lake hujalitaja humu ndani miaka tisa. Leo umempata wa kukupandisha jukwaani.

Akaketi juu ya sanduku.

— Mpigie fundi. Aitoe sasa hivi, na sanduku nitalipandisha mwenyewe.

Kishindo akatoa simu. Kidole kikasogea, kikasimama. Akatazama gitaa, akamtazama mkewe, akairudisha simu mfukoni.

— Nipe mpaka kesho.

Mke akainuka, akaburuta sanduku hadi kwenye teksi. Teksi haijafika njia panda, ujumbe wa Kishindo ukaingia: "Wimbo huu utatupatanisha, utaona."

Akajibu: "Jina langu usiandike."

Albamu ilitoka. Wimbo wa tisa ndio uliopendwa, na Kishindo anajaza kumbi tena. Jaketi halifungi, analivaa wazi. Fundi mitambo alikuja kwa mke kuomba radhi, akapewa kiti na maji, cherehani ikaendelea kushona. Talaka ilipita bila ubishi. Mke ana chumba na cherehani yake, wateja hawakosi. Wimbo ule ukianza dukani, huweka kikapu sakafuni akatoka.