Joto la Pasi

Nyumba ya dobi huamka na moshi wa mkaa. Mume hufua uani. Mke hupiga pasi chumba cha mbele. Mama mkwe hukunja nguo na kutoa maoni juu ya kila kitu.

Mke alikuwa ametolewa uvimbe kwenye titi. Hospitali ilisema uvimbe ule si wa hatari. Akafurahi, akarudi kazini mapema mno, maana mashuka ya watu yalikuwa yamejaa hadi mlangoni.

Kisha mwili ukaanza kumchanganya. Titi lilikuwa na joto. Lakini nani asipate joto mbele ya pasi ya mkaa? Gauni lilikuwa na unyevu kifuani. Jasho hilo, au nini?

"Mama watoto, ni hiyo pasi," mume alisema. "Hata mimi nikikaa humo naiva."

"Ni uchafu unatoka," mama mkwe alisema. "Uache utoke wote. Funga kitambaa, ukaze."

Akafunga. Akafungua. Akafunga tena. Kila mtu alimpa jibu lake, naye aliwaamini wote. Ila hofu yake hakumwambia mtu: akirudi hospitali, watalikata titi lote.

Siku moja jirani yao, muuguzi, alikuja kuchukua sare yake. Akamkuta mke wa dobi anatetemeka.

"Dada, una nini?"

"Nasikia baridi tu, sista."

"Baridi? Na pasi ya moto mkononi?"

Muuguzi alinawa mikono kwa sabuni, akamtazama kifua faraghani, mama mkwe akiwa kando.

"Weka kiganja hapa, pembeni ya kidonda. Sasa weka kwenye titi la pili."

"Hili linachoma. Lile la kawaida."

"Na yote mawili yanakaa mbele ya pasi ileile. Kidonda kimeingiwa na vijidudu, dada, na huu unyevu ni usaha."

"Kwani usaha si uchafu unaotoka?" mama mkwe aliuliza.

"Hapana, mama. Usaha ni dalili ya vijidudu. Maumivu yakizidi, wekundu ukitambaa, kidonda kikinuka, mshono ukiachia au homa ikipanda, rudi hospitali siku hiyohiyo, hata ukiona dalili moja tu. Usikamue. Usipake kitu."

"Na wakilikata?" Mke wa dobi akaanza kulia.

"Watatibu kidonda tu. Kuchelewa ndiko kubaya. Vijidudu vikienea mwilini vinaua."

Walikwenda mara moja. Daktari alitoa usaha, akasafisha kidonda, akampa dawa. "Umalize zote, hata ukijisikia mzima," alisema. Mume akashika pasi mpaka mkewe apone. Wateja walivumilia kola zilizopinda.

Kidonda kilifunga. Titi lipo.

Juzi mke alikuwa anapiga pasi, gauni limelowa. Mama mkwe akatupa shuka chini, akamkimbilia.

"Mwanangu, nini hicho?"

Mke akaweka kiganja upande huu, kisha upande ule. Akacheka.

"Jasho, mama. Leo ni jasho."