Homa ya Uzazi

Jua lilikuwa linazama nilipoingia maktaba ya chuo, nimefura kwa hasira. Msimamizi wa utafiti wangu alikuwa amenirudishia kazi tena.

"Vyanzo viko wapi? Ndiyo yaleyale ya dada yako, uvivu mtupu."

Dada yangu! Alisomea uuguzi hapahapa, akasimamiwa na mtu huyuhuyo. Alifariki akiwa mjamzito, kabla hajahitimu. Utafiti wake, tuliambiwa, ulipotea.

Mkutubi alinifungulia hifadhidata ya makala za kitaaluma, akaniacha. Nikaandika: homa ya uzazi. Makala zikamiminika, maelfu.

"Ongeza neno wakunga," alinong'ona mwanamke wa kompyuta ya jirani. "Halafu chuja kwa mwaka."

Alikuwa amejitanda mtandio hadi machoni. Alinuka dawa ya wodini... na udongo mbichi.

"Mwaka gani, dada?"

"Ule ambao ulibaki peke yako na mama."

Mwaka aliofariki dada. Nikachuja.

Ikabaki makala moja, yenye jina la msimamizi wangu. Nikaifungua.

"Mdogo wangu alitanguliza miguu," iliandikwa. "Nilikuwa mlangoni, nikamsikia mkunga akimkaripia mama."

Aliyetanguliza miguu ni mimi.

Nikageuka.

Kiti kilikuwa kitupu. Kimelowa chapachapa.

Nilipanda ngazi mbio hadi ofisini kwa msimamizi. Alikuwa anafunga mkoba aende zake.

"Umemwibia maiti!"

"Punguza sauti, binti. Dada yako alikuwa msaidizi wangu tu. Na nani ata..."

Macho yalikuwa yamemtoka, yakitazama nyuma ya bega langu.

"Huyo... umekuja naye?"

Harufu ya dawa ikanipita shavuni. Sikugeuka. Labda nilipaswa kumwonea huruma yule mzee. Sikumwonea hata chembe.

"Mwambie mwenyewe," nikasema. Nikatoka, nikauvuta mlango.

Ndani akaanza kuomba radhi. Kisha nikasikia...

Mtoto mchanga akilia.

Msimamizi aliacha kazi wiki ileile. Aliwaandikia wenye hifadhidata, na sasa makala ina jina la dada. Alichokiona hajamwambia mtu.

Hasira yangu haijapoa, wala sitaki ipoe. Ila kile kilio ndicho kinachoninyima usingizi. Dada tulimzika na mwanawe tumboni.

Sauti ya mtoto yule hakuna aliyewahi kuisikia.