Gololi ya Sita

SAA SITA MCHANA

Katembo alichora mpango kwa chaki sakafuni, katikati ya kreti za bia. Baa ilikuwa imefungwa. Kabalagala, mtaa wa baa wa Kampala, hulala mchana, ndiyo maana walikichagua chumba hiki cha nyuma.

"Hapa Bukoto. Hapa ofisi ya dhahabu. Saa tisa mzigo inatoka kwa mlango ya nyuma, watu mbili tu." Alikuwa Mkongo wa Butembo, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa. "Victoire ataita simu." Victoire, mpenzi wake, alipika chai katika ofisi hiyo hiyo. "Kasim na miye tunashuka. Marjan, wewe haushuki. Gari iko inanguruma, unatungoja."

"Gari haiko tayari," alisema Marjan.

Kasim, mdogo wake, aliinamisha macho. Alijua kaka yake hajui kunyamaza likija suala la gari.

"Nimekuambia mara tatu, bosi. Ukikunja usukani mpaka mwisho inapiga ka-ka-ka, mguu ya kushoto. Mpira ya shafti imepasuka, grisi yote imerukia ndani ya rimu. Hiyo jointi inakufa."

"Inatembea ao haitembei?"

"Inatembea."

"Basi."

Ndivyo walivyo mabosi wa aina hii. Ukimwambia kitu kitavunjika, yeye anasikia kwamba unaogopa.

Walitoka uani, nako kulijaa kreti. Gari lenyewe lilikuwa saluni ya kijivu, kuukuu, na wao waliliita Jaja, yaani bibi. Marjan aliliwasha, akakunja usukani ili atoke kinyumenyume. Ko! Injini ikapiga kelele na Jaja hakusogea hata inchi. Aliweka gia ya kuegesha, akaachia breki. Uwanja ulikuwa na mteremko kidogo. Jaja akaanza kuteremka mwenyewe, taratibu, mpaka akajigonga kwenye ukuta.

"Giaboksi imekufa!" Katembo alifoka.

"Giaboksi iko nzima. Ingekuwa imekufa, injini isingevuma vile na gia inaingia vizuri. Jointi ya shafti imekatika hapa mwisho, kwa gurudumu. Nguvu yote inakimbilia upande huu na inazunguka bure." Marjan alipiga ngumi kwenye kiganja kwa hasira. "Ngoja niifungue, uende nayo sokoni kama sampo, wakupe inayofanana nayo."

Katembo alikwisha kupanda bodaboda.

SAA SABA

Alirudi na shafti ndani ya gunia, anatabasamu. Marjan aliipima kando ya ile ya zamani, na tabasamu likamkera zaidi. Meno ya upande wa giaboksi yalikuwa mengi mno. Jaja alikwisha kubadilishiwa injini na giaboksi kabla ya Katembo kumnunua, na muuza spea alitajiwa jina la gari tu.

"Haiingii."

"Gonga, itaingia."

"Bosi, haiingii hata ukiigonga mpaka Pasaka!"

Alitamani kulia. Tangu asubuhi alikuwa anasema kweli, na kweli yake ilikuwa inatupwa kama maganda ya ndizi. Alivuta pumzi, akapima upande wa pili, wa gurudumuni. Ule ulikaa sawasawa. Basi, angeng'oa jointi ya nje ya hii mpya, aivishe kwenye shafti ya zamani. Saa nzima ya kazi, pengine pungufu. Ila jointi ilikuwa imejaa mchanga, kwa hiyo Kasim alitumwa petroli ya kuioshea, na Katembo akaingia ndani kuongea na Victoire.

Marjan alitambaa chini ya gari kuziba tundu la giaboksi kwa kitambaa, mafuta yasimwagike. Akaziona kandambili za Kasim zikirudi, zikasimama karibu na gurudumu. Kasim hakuinama. Alidhani yuko peke yake uwanjani.

"Afande, msitoke hapo Bukoto," alisema kwa simu, chini chini. "Gari ndiyo imeharibika, lakini tunakuja. Eh, Katembo mwenyewe. Na dereva msimguse, afande. Huyo kaka yangu, tumbo moja. Mliniahidi."

Mafuta yalimdondokea Marjan shingoni na hakuyafuta.

Mwezi uliopita Kasim alikamatwa na simu za wizi, akaachiwa upesi kupita kiasi. Sasa Marjan alijua kwa nini. Alimlea mtoto huyu tangu mama yao alipozikwa Bombo, akamfundisha kushika spana, akamwingiza katika kazi hii chafu kwa mkono wake mwenyewe. Na mjinga huyu alidhani polisi watamkinga. Katembo hupiga kwanza, huuliza baadaye. Akiona sare moja tu pale Bukoto, risasi ya kwanza ni ya aliye karibu naye, na aliye karibu naye ni Kasim. Naye Marjan akimwambia Katembo sasa, Kasim anakufa hapa hapa kati ya kreti.

Ilibaki njia moja. Jaja asitoke kabla ya saa tisa.

SAA NANE

Aliifungua jointi ndani ya beseni la petroli. Gololi sita za chuma zikaanguka, akaziosha polepole. Alipojipangusa uso kwa mkono, moja ikaingia mdomoni. Petroli ilimchoma ulimi. Aliisukuma shavuni, akainua vidole vitano, akaonyesha sakafu.

"Imepotea?" Katembo aliuliza. "Nini imepotea?"

"Gololi, bosi," Kasim alimjibu. "Zinakuwa sita."

Wakapiga magoti wote watatu. Walisogeza kreti, walipapasa chini ya matairi, walimwaga beseni. Katembo alichafua suruali aliyoipenda na akatukana kwa lugha tatu. Simu ikalia. Victoire alisema wameanza kufunga mzigo, huenda ukatoka mapema.

"Weka hizo tano, twende!"

Marjan alitikisa kichwa.

"Ongea!"

"Itakwama," alisema, meno ameyabana.

Kasim aliinua uso kutoka sakafuni. Alikuwa anatoka jasho kuliko wote, maana wale wa Bukoto walikuwa wanamngoja yeye. Alimtazama kaka yake shavuni. Alimjua mtu huyu kabla hajajua kuandika jina lake.

"Kaka, una nini mdomoni?"

Ewe mtoto! Marjan alimkasirikia kwa hasira ambayo hajawahi kuihisi kwa mtu yeyote, na hakukuwa na namna ya kuitoa. Katembo alikuwa amekwisha kumshika taya. Akambana mpaka gololi ikaanguka, ikagonga simenti, ikabingirika. Bastola ikatoka kiunoni.

"Nani alikulipa?"

Kasim alisimama. Aliangalia mafuta kwenye shingo ya kaka yake, akaangalia chini ya gari, akaangalia mahali alipokuwa amesimama na simu. Uso ukamkauka. Marjan aliona ameelewa. Aliona pia mdomo wake unafunguka, akawahi.

"Polisi wako Bukoto," alisema Marjan. "Mimi ndiye niliwauzia kazi. Halafu roho ikanisuta, nikataka tusifike."

Katembo alimsogezea bastola usoni.

"Wewe," Katembo alisema taratibu. "Yaani wewe."

"Mimi. Kijana hajui kitu."

Katembo alimpigia Victoire, akamwambia atoke ofisini na asirudi tena, kisha akaivunja laini ya simu. Dhahabu imekwenda. Alimpa Kasim amri ya kumaliza jointi, watoke Kampala kabla ya jioni. Bastola akairudisha, mlio wake ungeleta mtaa mzima. Akaokota nyundo.

"Kwanza hii. Fundi akiuza watu, analipa kwa mikono. Ni damu yako, Kasim. Piga wewe, nijue uko upande gani."

Kasim aliipokea. Midomo yake ilikuwa inatafuta neno, na Marjan alijua ni neno gani, na alijua likitoka watakufa wote wawili. Akauweka mkono wa kulia juu ya gogo la kuegemezea gari, akatandaza vidole.

"Piga, bwana. Usinichezee."

Pigo la kwanza lilikosa, likachubua gogo. La pili halikukosa. Marjan aliuma kola ya shati lake na hakupiga kelele mpaka la tatu.

Kasim alikuwa analia wazi, kamasi zinamtiririka kama mtoto. Katembo alimwonea huruma kweli. Aliichukua nyundo, akamshika bega.

"Pole, mudogo wangu. Si kosa yako. Ndugu kama huyu ni muzigo."

Kasim aliitikia kwa kichwa, akapiga magoti mbele ya gurudumu, akaanza kuzirudisha gololi mahali pake.