Mkasi Uliokatia Mpira

Siku dereva wa gari la hospitali alipoondoka asirudi, mkewe alikuwa bado amemnunia. Mke ni fundi cherehani. Mume alikuwa amechukua mkasi wa mkewe wa vitambaa akakatia mpira, ukarudi na pengo kwenye makali. Asubuhi ile alipoaga, mke hakuitikia. Mchana gari liliteleza kwenye mteremko wa matope, likabingirika hadi bondeni. Dereva alikufa papo hapo.

Inspekta aliposhuka bondeni, maiti ilikuwa imekwisha kuondolewa. Askari wa barabarani alikuwa na jibu lake tayari: mwendo kasi, na labda chupa.

"Chupa uliinusa wewe?"

"Watu wanasema, afande."

"Watu hawakuwa ndani ya gari."

Hasira ilianza kumpanda palepale. Maiti haina mdomo. Mvivu wa kuchunguza huitwika kila kosa.

Ile vani, ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, ililala chali kama mende. Inspekta alipitisha kidole kwenye meno ya tairi la mbele. Kwa mbali yalionekana makubwa, meno ya matope hasa. Kwa karibu kingo zake zilikuwa kali, na chini ya mifereji waya zilichungulia. Lilikuwa tairi la lami, zee, lililokwisha. Mtu alikuwa amelichonga upya kwa kisu cha moto, akalipaka rangi nyeusi. Manne yote yalikuwa hivyo.

Tairi la akiba lilikuwa limefungwa kwa kufuli chini ya gari. Hilo lilikuwa jipya, meno manene, nafasi pana za kutemea matope. Ubavuni, vile vinyweleo vya mpira ambavyo tairi jipya huja navyo vilikuwa vimekatwa, upande mmoja tu.

"Haya manne si ndugu wa hili la tano," Inspekta alisema.

Msibani, aliyepokea wageni alikuwa kaka wa mjane, msimamizi wa karakana ya hospitali. Kila swali aliloulizwa dada, alijibu yeye. Marehemu alipenda mwendo, yeye alimwonya mara nyingi, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Inspekta alimwomba atoke nje.

Mjane hakulia. Alikuwa amewaka.

"Mume wangu aliendesha kama aliyebeba mayai. Nani anamwita mlevi?"

Inspekta aliuliza juu ya vinyweleo. Mjane akaufungua mtoto wa meza wa cherehani, akatoa mkasi. Mumewe, alieleza, kila alipopewa matairi mapya aliyanyoa ubavu mmoja, kisha akaufungia ndani, pasipoonekana mpaka mtu alale chini ya gari. Alikuwa akisema tairi lisilonyolewa halina mwenyewe.

"Safari hii alinyoa mangapi?"

"Yote matano. Nikamwambia ahamie saluni kabisa." Akagusa pengo la mkasi. "Ndilo neno langu la mwisho kwake."

Nyuma ya nyumba ya kaka mtu ilisimama vani yake ya abiria, ya aina ileile. Inspekta alilala chini kwenye tope. Matairi manne, meno manene, ubavu wa ndani umenyolewa. Kila mahali pengo la mkasi lilipopita, kilibaki kimkia cha mpira. Wataalamu wa maabara waliulinganisha mkasi na vile vimkia. Vilikubaliana.

Katika chumba cha mahojiano, kaka alikaa kama mwenye nyumba.

"Shemeji yako alikuletea gari karakanani likiwa na matairi gani?"

"Hayohayo mliyoyakuta."

"Na la akiba?"

"Hilo sikuligusa. Lina kufuli, ufunguo alikuwa nao yeye."

"Kwa hiyo manne uliyagusa."

Kaka alijikunyata kitini, na maneno yakamtoka yenyewe. Vani yake ilikwama kwenye mteremko uleule, abiria wakashuka kusukuma. Shemeji akapita, magurudumu yake yote manne yakiuma tope, akasimama kumsaidia.

"Akanivuta kwa kamba kama mbuzi. Watu wakacheka, hadi leo wanacheka. Nilitaka naye akwame, siku moja tu, achekwe."

"Hakuona kwamba umeyabadilisha?"

"Asubuhi ile alikuwa anamkimbilia mama aliyeshikwa na uchungu huko mlimani. Aliniuliza mbona yananuka moto. Nikamwambia mpira mpya hunuka hivyo." Alitazama mezani. "Akasema, asante kaka."

"Na habari ya chupa?"

"Niliisema mimi."

Inspekta alisimama, akaenda dirishani, kwa sababu mkono wake ulikuwa umekwisha kukunjika ngumi.

"Ulimuua, kisha ukamtukana."

"Mwambie dada yangu..."

"Utamwambia mwenyewe, mahakamani."

Taarifa ya askari wa barabarani ilifutwa. Mkasi uko polisi, umefungwa kwenye mfuko kama kielelezo, na hautatoka mpaka kesi iishe. Mjane amekataa kununua mwingine. Siku hizi nyuzi anakata kwa meno.