Kiganja cha Kamanda Kwenye Ubao

— Usiniguse mimi. Gusa saketi yako.

Binti waliyemwita Kamanda alisema hivyo bila kuinua macho, akakusanya kalamu na kikokotoo, akahamia meza ya mwisho ya maabara. Darasa zima la saketi za kidijitali likageuka kumtazama Mzee wa Waya, kijana aliyejibatiza jina hilo mwenyewe maana hakuna aliyejitolea kumpa zuri.

— Kamanda, onyesho ni saa nne. Sasa ni tatu na robo.

— Kusoma saa najua. Wewe ndiye hujui kusoma watu.

Kosa lilikuwa la jana. Kwenye ngazi za maktaba washkaji walimuuliza yule binti anayeshinda naye kila siku ni nani wake. Mzee wa Waya, kifua mbele, akajibu, "Yule? Mwenzangu wa maabara tu." Kamanda alikuwa ngazi tatu nyuma, soda mbili mkononi. Moja alikuwa amemnunulia huyo huyo msemaji.

Sasa Mzee wa Waya akawasha saketi yao kwenye ubao mdogo wa kuchomekea waya, taa za kivuko: mpita njia akibonyeza kitufe, magari yanapata nyekundu. Wiki tatu haijakosea hata mara moja. Leo kitufe hakijaguswa, taa zinapokezana kama disko.

Akaandika ujumbe: "Saketi imechanganyikiwa tangu uondoke."

"Pole yake."

"Na mimi pia."

"Wewe ulianza zamani."

Akaubeba ubao mpaka meza ya mwisho, akautua taratibu. Kamanda, kwa mazoea tu, akaegemeza kiganja pembeni ya waya. Taa zikatulia tuli.

— Umeona? Inakupenda.

— Usiniletee mistari.

Akaondoa kiganja: disko. Akarudisha: tuli. Macho yake yakawa membamba.

— Wiki tatu zote nilikuwa naegemea hapa nikiandika?

— Kila siku.

— Kitufe alikiunga nani?

— Fundi wako.

— Kisipobonyezwa, huu mguu wa chipu umeshikana na nini?

— Hakuna kitu. Si ndiyo sifuri hiyo?

— Siyo sifuri. Mguu ulioachwa hewani unaokota chochote kinachopita. Ulitakiwa uufunge kwa rezista kwenye waya wa sifuri, ujue moja kwa moja uko wapi. Umeuacha unaning'inia, ukategemea mkono wangu.

Mzee wa Waya akajikuna kisogo.

— Hapo bado unaongelea chipu?

— Naongelea chipu. Ukisikia kingine, hiyo ni dhamiri yako.

Kamanda akachomeka rezista, akakaza waya. Disko ikaisha, kiganja kikiwa mbali.

— Asante, mpenzi.

— Sijakusamehe. Sitaki tu kurudia kozi kwa ajili yako. Ombi la kubadilishiwa mwenzangu ninalo mfukoni. Onyesho likiisha, nampa mwalimu.

Saa nne kamili mhadhiri akaingia, mama mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Kamanda akachomoa karatasi ya ombi mfukoni. Mhadhiri alibonyeza kitufe, taa zikatii. Akapitisha mkono juu ya ubao, akagonga meza. Hakuna kilichotikisika.

— Wengi hapa wameuacha mguu wa kitufe hewani. Huu kaufunga nani?

— Huyu, mwalimu. Mimi ndiye niliyeuacha, Mzee wa Waya akasema akimwonyesha Kamanda.

— Huyu nani?

Washkaji wa ngazini walikuwa meza ya pili, macho pima. Mzee wa Waya akasimama wima.

— Ni mpenzi wangu, mwalimu. Jana niliulizwa mbele ya watu, nikaogopa kuchekwa, nikasema mwenzangu wa maabara tu. Nilidanganya. Kama bado ananitaka, mimi namtaka mbele ya watu hao hao.

Hata feni ilionekana kusikiliza.

— Kijana, mimi nilitaka namba yake ya usajili.

Maabara ikapasuka kwa kicheko. Kamanda akataja namba yake tarakimu moja moja, sauti imara, mdomo ukipigana na tabasamu na kushindwa.

— Na hiyo karatasi mkononi, ni yangu? mhadhiri akauliza.

Kamanda aliikunja mara mbili, kisha mara nne.

— Hapana, mwalimu. Ni takataka.

Mhadhiri akasogea meza ya pili. Ubao ukabaki pale bila kuguswa na mtu, taa zikifuata amri. Kiganja cha Kamanda kilikuwa chini ya meza, ndani ya kiganja cha mwenzake wa maabara.

— Soda ya jana niliinywa yote, Kamanda akanong'ona.

— Zote mbili?

— Zote mbili. Leo unanunua wewe, tena pale pale ngazini.