Mistari ya Viateur

Mwaka wa 1956 dada yangu Séraphine alifagia nyumba ya Muzungu mmoja hapa Goma, Bwana Damien, mutu aliyelipwa kwa kutazama mawe. Tulicheka. Sisi tulikanyaga mawe kila siku, na hakuna aliyetulipa.

Kazi yake ilikuwa kristali. Aliyeyusha chumvi fulani katika maji ya moto, akatundika punje moja kwa uzi ndani ya chupa, akangoja. Punje ilikua polepole, tabaka juu ya tabaka, pande zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Lakini mutu akikanyaga karibu, tabaka la siku hiyo lilibaki na mustari mweupe.

Viateur, mume wa Séraphine, ndiye alichunga chupa hizo. Muguu wake mmoja ulikuwa mbovu: hatua nzito, hatua nyepesi. Alipanda Nyiragongo, mulima wa moto, kuokota mawe, hakurudi. Hatukupata hata kiatu cha kuzika. Séraphine alibaki katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Bwana. Hakuwa na mutoto, wala pengine pa kulala.

Siku moja Bwana Damien alikwenda Rutshuru. Alifunga chumba cha chupa, akamwachia Séraphine ufunguo, moto ukitokea.

"Usiingie, Séraphine. Nikikuta mustari, utahama."

Alirudi siku ya kumi na mbili, asubuhi, jua linawaka. Nilikuwa pale namenya viazi. Aliinua kristali dirishani.

"Umeingia."

"Sijaingia, Bwana."

"Mistari ishirini na ine. Miwili kila siku."

Séraphine akasogea, akaangalia. Akapitisha kidole juu ya mistari.

"Munene, mwembamba," alinong'ona. "Munene, mwembamba. Bwana, mimi sichechemei."

Bwana Damien aliweka kristali mezani. Hakumfukuza. Yeye ndiye alihama, mchana huohuo, kofia yake akaiacha kwenye musumari.

Séraphine alikaa humo miaka miwili, peke yake, akitembea kwa ncha za vidole ili asimfukuze Viateur. Alipokufa, kristali ikaja kwangu.

Mimi si mutu wa wafu. Walio hai wananichosha vya kutosha. Niliifunga kwa kitambaa, nikaitia katika kopo la sukari, kavu kabisa. Bila maji kristali haikui. Bwana Damien alisema mwenyewe.

Nilipoipokea, nilihesabu. Ishirini na ine.

Leo asubuhi ni ishirini na tisa. Ninaishi peke yangu.

Wa mwisho ni munene. Hatua nyepesi bado.