Ndoa Iliyosubiri Ndege

"Pandu, tufunge ndoa sasa hivi kwa simu, ndiyo nipande ndege."

Najma macho mekundu, begi mkononi. Wako paking ya uwanja wa ndege, Johannesburg. Baba yake, Mzee Salum, anaumwa sana Dar. Asubuhi hiyo kapiga simu mwenyewe, sauti ya shida:

"Shehe wenu wa huko Mayfair nampa uwakala, aoze kwa niaba yangu. Mashahidi mnao. Nataka nimuoze mwanangu."

Na kweli shehe alikuwa pale pale, kamsindikiza Najma pamoja na jamaa wawili. Kilichobaki ni Pandu kutamka tu, nimekubali.

"Mimi nioe paking? Eish, Najma! Watu watasemaje? Jumamosi nakuja na suti yangu, tunafanya ukumbini, mama yangu aone."

"Baba yupo kwenye simu anasubiri."

"Mwambie nakuja. Angani ni masaa matatu na nusu tu! Cape Town kwa basi ni mbali zaidi."

Wanaume na sifa, jamani! Najma akamwambia baba yake, akalia, akaingia ndani.

Pandu alikuwa kwa fundi Mayfair anapimwa suti simu ilipolia. Baba mdogo wa Najma, Naseeb.

"Kaka ametutoka."

"Inna lillahi! Najma bado yuko angani!"

"Tunajua. Tunamsubiri ashuke, tukazike."

Pandu akaketi na suti yake yenye pini za fundi. Najma yuko juu huko, hajui kitu, pengine anakunywa chai. Na Mzee Salum hakuacha mtoto wa kiume wala baba. Walii sasa, mwenye haki ya kumuoza, ni Naseeb. Akairudisha simu sikioni.

"Baba mdogo, pole sana. Lakini mzee aliridhia. Shehe yupo hapa, mashahidi wapo, tufunge leo hii kwa simu."

"Sasa ndiyo unaitaka simu?" Naseeb sauti ikapanda. "Kaka anahema kwa taabu, simu tumemshikia sikioni, wewe unamwambia ukumbi! Mimi simuozi mtoto wa kaka yangu kwako."

"Basi nitakwenda kwa kadhi, walii akikataa yeye huoza!"

"Nenda."

Jioni, baada ya mazishi, Najma akapiga. Pandu alipokea mlio wa kwanza.

"Mpenzi wangu, pole. Usijali kuhusu baba mdogo. Mzee aliridhia, kadhi atatufungisha."

"Najua atatufungisha."

"Basi nakuja hata kesho!"

"Usije."

"Najma?"

"Niliposhuka nilimkuta kafunikwa. Mama ananiambia alikuwa anauliza, vipi, kijana amebadili mawazo, amekubali? Mpaka mwisho anauliza. Wakamdanganya amekubali, ndiyo akatulia."

Pandu akaanza kulia kwa sauti.

"Nisamehe, Najma. Nakupenda."

"Na mimi nakupenda, ndiyo maana naumia hivi. Lakini kila nikikuangalia nitamsikia Baba anauliza. Siwezi kuishi na hilo, Pandu. Oa mwingine."

Akakata. Pandu alipopiga tena, namba ilikuwa haipatikani.